Rekoda Iliyoopolewa Ziwani

Harufu ya mgebuka mbichi ilikuwa inatoka kwenye hedifoni. Siyo mezani, siyo dirishani, bali kwenye hedifoni zenyewe, utadhani aliyezivaa jana ametoka kupara samaki. Inamahoro alizinusa, akazifuta kwa ncha ya kitenge, akazivaa. Mtu aliyetafuta kazi mwaka na miezi miwili haanzi siku ya kwanza kwa kulalamikia harufu.

Na alitafuta kweli, msione hivi. Alikuwa binti wa pekee wa Rozalia Niyokwizera, mkulima wa mihogo kule Mwandiga, mama aliyetoka Burundi na mtoto mgongoni na sufuria kichwani, basi. Inamahoro alijifunza kuchapa kwenye stesheneri moja ya Mwanga mpaka vidole vikawa vinakimbia vyenyewe. Lakini kila ofisi aliyoingia aliulizwa lilelile: una uzoefu wa miaka mingapi? Jamani, uzoefu unauzwa soko gani? Wakunyime kazi kwa sababu hujawahi kufanya kazi, halafu wakuulize kwa nini hujawahi kufanya kazi!

Ndiyo maana alipoona karatasi kwenye mlango wa zahanati ya Dokta Mwinshehe, pale Ujiji, imeandikwa "Anatakiwa mchapaji wa kumbukumbu za wagonjwa, uzoefu hauhitajiki," machozi yalimtoka palepale barabarani. Na mama yake alipopata habari alirukaruka kama msichana.

"Mwana wanje, mwanangu!" alisema. "Na mimi leo nina mtoto wa ofisini!"

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Dokta Mwinshehe alikuwa mzee, mikono inamtetemeka, kalamu haishikiki. Akimaliza kumwona mgonjwa, alisimulia kila kitu kwenye rekoda ndogo: jina, umri, anapoumwa, dawa aliyompa. Inamahoro alitakiwa asikilize, achape, mgonjwa apate faili. Nesi Esther, mama mnene asiyependa maneno mengi, alimfundisha kwa dakika kumi.

"Andika unachosikia. Usiongeze, usipunguze. Neno likikupita usibuni, dawa ya kubuni inaua mtu. Acha nafasi, andika ni dakika ya ngapi, songa mbele."

"Na ile nafasi, nesi?"

"Dokta husikiliza mwenyewe jioni, anajaza."

Na alijaza kweli. Wiki ile ya kwanza Inamahoro aliacha nafasi nyingi, majina ya dawa yanamshinda, na kila asubuhi alizikuta zimejazwa na Dokta kwa kidole kimoja kwenye kompyuta, bila hata neno la kumsema. Mzee mwenye moyo mzuri, hilo lisemwe.

Tatizo lilikuwa ile sauti ya pili. Nyuma ya sauti ya Dokta kulikuwa na mtu mwingine anayesema yaleyale, polepole, kama anayesemea ndani ya maji, na alikuwa anamtangulia Dokta kwa neno moja. Dokta hajasema "homa," yule ameshasema. Inamahoro alitaka kuuliza. Kuuliza si ujinga, wanasema. Lakini aliyesema hivyo hakuwa kwenye majaribio ya kazi. Angejuaje kama siyo kawaida? Hajawahi kusikiliza rekoda ya daktari mwingine maishani mwake. Akanyamaza, akachapa.

Jumatatu ya pili, saa saba mchana, Esther ameenda kula na Dokta ameenda msikitini, Dokta alimaliza kwenye rekoda kwa kusema "mwisho" kama kawaida yake. Lakini rekoda haikunyamaza. Ile sauti nyingine ilibaki peke yake.

"Bigirimana. Mwanaume. Miaka sitini. Mvuvi, Kibirizi. Maji kwenye mapafu. Amefariki jioni."

Inamahoro alichapa. Aliambiwa aandike anachosikia, akaandika.

Kesho yake watoto wa mzee Bigirimana walikuja wanalia. Jana asubuhi baba yao alikuja kufungwa kidole kilichochomwa na ndoana, akawa anawatania watu kwenye benchi. Jioni amefia kitandani, nyumba kavu, godoro kavu, na maji yanamtoka mdomoni na puani. Esther alichukua faili lake ili aandike habari hiyo, akakuta imeshaandikwa. Alimtazama Inamahoro, akalifunga faili taratibu.

Alhamisi ikawa mama mmoja wa Gungu, Nyabenda, aliyekuja kwa jino tu. Saa saba sauti ikamtaja, jioni akafa vilevile. Hapo Inamahoro alimvuta Esther chumba cha dawa, akafunga mlango.

"Nesi, kwenye rekoda kuna mtu."

"Sema polepole," alinong'ona Esther. "Najua. Ile rekoda ilidondoka ziwani, Dokta alipokwenda kwa boti kutibu vijiji vya kusini. Ilikaa chini usiku kucha. Wavuvi wakaiopoa kwenye nyavu za dagaa, Dokta akaiwasha, ikawaka. Akasema Mungu kamrudishia mali yake. Tangu hapo haiachi."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Kabla yako alikuwepo Elia, alikaa siku mbili. Akaja Regina, huyo hakumaliza hata asubuhi. Wote wazoefu. Walijua kazi inavyosikika, wakasema hii siyo kazi. Dokta yeye anasikia sauti yake tu, basi akasema wazoefu wana maringo, tutafute asiye na uzoefu." Esther alifuta macho. "Nisamehe, mdogo wangu. Nina watoto wanne, na mimi naitaka kazi yangu."

Inamahoro alimwendea Dokta, akaambiwa amechoka, anywe chai. Basi Ijumaa asubuhi Esther akampeleka mtaa wa nyuma kwa Bibi Yasmini, mwanamke anayepunga majini tangu enzi za mumewe.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Bibi aliweka ubani kwenye chetezo. Moshi haukupanda. Ulishuka, ukatambaa sakafuni mpaka miguuni pa Inamahoro, ukakaa hapo. Bibi aliuzima haraka kwa maji.

"Ya nchi kavu nayajua, naongea nayo," alisema. "Hili ni la ziwani, mimi huko siendi. Lakini nikwambie moja. Linakula kwa jina. Likikutajia mtu, usikatae kuandika, litamtafuta lenyewe kwa kupapasa na litakusanya na wengine. Andika yote, jina liache. Faili bila jina ni sahani tupu, litakaa linasubiri mpaka lichoke."

Inamahoro alirudi kazini. Angekimbia, mtasema. Akimbilie wapi, na sauti imeshazoea vidole vyake?

Saa saba ilipofika jua lilikuwa kali mpaka kuku wa jirani wamejificha, zahanati imenyamaza, harufu ya mgebuka imejaa chumba kizima, na Dokta kwenye rekoda akasema "mwisho," na ile sauti, ambayo sasa ilikuwa sauti ya Dokta kabisa, na kikohozi chake na pumzi zake za uzee, ikaanza taratibu kumsomea habari za mwanamke, miaka hamsini na mbili, mkulima, Mwandiga, maji kwenye mapafu, amefariki jioni, na kabla ya hayo yote, mwanzoni kabisa, ilikuwa imetaja jina ambalo Inamahoro alilijua kabla hajajua jina lake mwenyewe.

Alivua hedifoni. Sauti haikukoma. Ikarudia tangu mwanzo, na tena, bila hasira, kama mwalimu anayesoma imla, na yeye anasali Kirundi na Kiswahili vimechanganyika, hata akakumbuka maneno ya Bibi. Akaandika umri. Akaandika kijiji. Akaandika maji na mapafu huku machozi yanadondokea herufi. Penye jina akaacha nafasi, akaweka dakika, kama alivyofundishwa. Sauti ikanyamaza.

Ikanyamaza kweli! Alikaa anasikiliza ukimya ule, akacheka peke yake kama mwehu. Saa tisa alifunga kazi, akapanda gari la Mwandiga, akamkuta mama yake jikoni nyuma ya nyumba, mzima wa afya, anasonga ugali na kumsema jirani ambaye mbuzi wake amekula matembele. Inamahoro alimkumbatia mpaka mwiko ukaanguka.

"Yoo! Ofisi imekufanya nini leo?" Rozalia alicheka. "Kaa ule. Wembamba huo utaniletea mkwe gani?"

Akakaa. Akala tonge la kwanza, akala la pili. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya migomba, na mama anaendelea na habari za mbuzi, na tonge la tatu likabaki mkononi.

Jioni.

Aliinuka, akatoka uani na simu, vidole vinakosea namba. Ikaita, ikaita, ikapokelewa.

"Dokta, shikamoo, usijaze! Ile nafasi usiijaze!"

"Marahaba, mwanangu, mbona unahema?" Dokta Mwinshehe alisikika mchangamfu. "Nafasi moja tu leo, hongera sana! Umeiva sasa. Nimesikiliza mara tatu, maskini, yule mama hata simkumbuki nilimwona lini, uzee huu. Lakini jina liko wazi kabisa. Nimeshakujazia, usiwe na wasiwasi."

Kule jikoni hadithi ya mbuzi ilikatika katikati ya neno.

"Mawe?" Inamahoro alimwita mama yake kwa Kirundi. "Mawe!" Akakimbia na simu mkononi, akasukuma mlango, akaita mara ya tatu, na mara ya nne akaita kwa jina lenyewe, jambo ambalo mtoto aliyelelewa hamfanyii mama yake, akalitaja lote kwa kelele mpaka majirani wakatoka.

"Rozalia! Rozalia Niyokwizera!"

"Enhe, hilohilo," Dokta alisema kwenye simu, amefurahi. "Kumbe ulilisikia vizuri. Sasa mbona hukuliandika?"