Chini ya Meza ya Hakimu

Cherehani ya mama ilikuwa na lugha yake. Ilipokwenda polepole, watoto walicheza. Ilipoanza ghafla kwenda mbio, walijua baba anarudi na shari. Hapo binti, ambaye kwa wembamba wake aliitwa Sindano, alimvuta mdogo wake Kifungo chini ya meza ya kukatia vitambaa. Hawakuona kitu huko, lakini walisikia yote.

Mama alipovunjwa mkono, majirani waliita polisi, naye akahamia na watoto na cherehani yake kwa dada yake. Sasa baba alidai watoto mahakamani. Afisa wa ustawi wa jamii naye aliomba baba afutiwe kabisa haki zake za mzazi.

Sindano alikosa usingizi kwa hofu. Baba alikuwa amemwonya, "Ukifungua mdomo, watamnyang'anya na mama yenu watoto. Shauri yako!"

Asubuhi ile wakaingizwa katika chumba cha hakimu, wao na afisa tu. Hakimu, mama mwenye miwani minene, aliuliza kwa upole, "Mwanangu, mkono wa mama ulivunjikaje?"

"Alianguka bafuni, mheshimiwa."

Hakimu akaandika. Mara, kibarazani nje ya dirisha, fundi mmoja akaanza kuendesha cherehani yake kwa kasi. Kifungo akateleza kitini, akajipenyeza chini ya meza ya hakimu. Sindano naye akajikuta amepiga magoti sakafuni.

"Kulikoni?" hakimu akashangaa.

"Tu... tunacheza."

Kiganja kidogo kikajitokeza chini ya meza. "Dada, njoo haraka! Baba anakuja!"

Sindano akakishika. Kilikuwa kimelowa jasho. Machozi yakamtoka.

"Nimedanganya, mheshimiwa. Mama hakuanguka. Baba alimpiga kwa pasi ya mkaa. Mama huendesha cherehani mbio ili tujifiche baba akija. Sasa mtamnyang'anya na mama watoto?"

"Nani kakwambia hivyo?"

"Baba."

Hakimu akavua miwani. "Mama yenu ndiye aliyekuwa akiwaficha. Hatuna sababu ya kumnyang'anya watoto. Ila kwa maneno yako ya bafuni, mwanangu, ningeweza kuwarudisha kwa baba yenu."

Baada ya ushahidi wote kusikilizwa, hukumu ilitoka: watoto wabaki na mama, na baba hana tena haki yoyote ya mzazi juu yao. Sindano alifurahi, kisha akalia sana, kwani alikuwa baba yake hata hivyo.

Siku afisa alipowatembelea, mama, mkono wake ukiwa umeshapona, alikuwa na sare nyingi za kumaliza. Cherehani ikashika kasi, na watoto wakatoweka chini ya meza. Afisa, na unene wake wote, akainama akajibana humo pamoja nao.

"Sikilizeni, wanangu," alisema akihema. "Mtu akiwapiga, au akimpiga mama, msimtunzie siri, hata awe baba. Mwambieni mtu mzima mnayemwamini. Asipowasikiliza, mwambieni mwingine, na mwingine tena. Kusema kweli si kumsaliti mzazi. Haya, nani atanivuta nitoke?"

Kifungo akachungulia mlangoni. Hakukuwa na mtu. Cherehani bado ilikwenda mbio, naye akawa wa kwanza kutoka.