Jina Alilomwachia Mama

"Huyu mzee kwenye picha ni nani?"

Dada mkubwa wa bwana harusi mtarajiwa aliuliza akiwa ameshika kikombe cha chai. Mpaka hapo posa ilikuwa imekwenda vizuri, sebule imejaa vicheko.

"Ni baba yangu," mama mwenye nyumba alijibu kwa fahari. "Babu wa bibi harusi. Alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Ametangulia miaka mingi."

Chai ikamwagika mezani.

"Haiwezekani. Huyu ni baba yangu mimi! Mimi na huyu mdogo wangu!"

Mdogo wake, fundi makochi, alijikuta amesimama. Yeye ndiye kitinda mimba. Baba alifariki yeye akiwa bado mchanga, kwa hiyo alimjua kwa picha kama hiyo hiyo: kofia imeinamishwa, mkono mmoja kwenye mlango wa lori.

"Mama," nesi, mchumba wake, alinong'ona. "Ina maana wewe na yeye..."

"Nyamaza kwanza, mwanangu."

Lakini kila mtu alishapiga hesabu kichwani. Kama mzee ni mmoja, basi mama na fundi ni ndugu wa baba mmoja. Na fundi ni mjomba wa mwanamke aliyekuja kumposa.

Wageni waliondoka bila kuagana vizuri. Jioni, simu ya fundi ikalia mlio wa ujumbe.

"Shikamoo mjomba."

"Usinitanie hivyo. Hata kula nimeshindwa."

"Sitanii. Nafanya mazoezi."

Akampigia. Nesi alipokea. Fundi alisikia kilio tu, naye akakaa na simu sikioni mpaka salio likaisha.

Walipendana tangu siku fundi alipokwenda hospitali kushona upya viti vya wagonjwa. Alimwambia, "Nesi, hebu kaa hapa unijaribie hiki." Akakaa, wakaanza kuongea, na kazi ya asubuhi moja ikamchukua fundi wiki nzima.

Siku chache baadaye, dada mkubwa akampigia mama yake nesi.

"Nataka kujua kitu kimoja. Mama yako alikuwa kimada wa baba yangu?"

"Chunga mdomo wako! Mama yangu hayupo kujitetea."

"Na wangu je, yupo?"

Mama akauliza taratibu:

"Kwenu baba alikuwa anamenyaje chungwa?"

"Ganda moja refu, halikatiki."

"Halafu?"

"Halafu anakuvisha shingoni, anakuita malkia." Sauti ya dada mkubwa ikaanza kukwama. "Na alikuwa akifika lazima apige honi akiwa bado kwenye kona..."

"...ili tukimbilie kupanda lori, atuingize mpaka uani."

Hasira ikakosa pa kukaa. Waliongea mpaka vyungu vikaungua jikoni, kila mmoja akimpa mwenzake baba ambaye hakuwa amemwona: baba wa siku alizokuwa kwenye nyumba ile nyingine.

"Sikiliza," dada mkubwa akasema mwishoni. "Baba mdogo ndiye aliyefungua mirathi mahakamani. Mama yangu aliweka dole gumba tu, mimi nilikuwa shuleni. Nilisikia kulikuwa na wosia, sijawahi kuuona. Mdogo wangu na binti yako waende wakautafute. Kama wewe ni mwanawe, utakuwa umetajwa."

Nesi na fundi walikutana masjala ya mahakama. Walikaa benchi moja, katikati wameacha nafasi ya mtu.

"Mnatafuta mirathi ya nani?" karani aliuliza.

"Ya baba yangu," fundi alisema.

"Ya babu yangu," nesi alisema, sauti zikagongana.

Karani akavua miwani. "Kwa hiyo mafaili mawili?"

"Moja," wakajibu pamoja.

Faili hilo la zamani lilikuwa kwenye ghala la nyuma, na ilipita zaidi ya wiki kabla karani hajawaita. Pini zake zilikuwa zimeshika kutu. Chini ya orodha ya warithi kulikuwa na wosia uliopigwa taipu, umegongwa mhuri wa mahakama. Nesi aliusoma kwa sauti ya chini:

"Yuko binti wa dereva mwenzangu, aliyefariki barabarani kabla mtoto hajazaliwa. Nilimwahidi kumtazamia mkewe, na sikuvuka kizingiti cha mjane huyo kwa nia nyingine. Mtoto alianza kuniita baba kabla hajajua kutembea, nikashindwa kumkatalia. Namwachia jina langu. Alitumie maisha yake yote, wala mtu wa ukoo wangu asimhoji."

Fundi aliziba mdomo asipige kelele. "Si damu moja! Umesikia? Mimi si mjomba wako!"

Nesi hakutabasamu.

"Mbona hufurahi?"

"Mama yangu hana kumbukumbu nyingine ya maana utotoni zaidi ya huyu mzee. Nikimpelekea karatasi hii, mimi napata mume, yeye anapoteza baba."

Fundi akakaa. Ile nafasi ya mtu katikati yao haikuwepo tena.

"Basi amua wewe. Ukinyamaza, nami nitanyamaza. Nitakuwa mjomba wako mbele za watu mpaka nizeeke."

"Utaweza?"

"Siwezi. Lakini nitafanya."

Hapo ndipo nesi alipolia, akamshika mkono. "Twende wote kwa mama."

Mama alisoma nakala ya wosia, akarudia, akaivua miwani na kuipangusa ingawa haikuwa na vumbi.

"Mama, nisamehe," nesi alisema.

"Unajua nilivyokua?" mama alisema. "Watu walikuwa wananong'ona: ana nyumba halali kwingine, hawa ni wa pembeni tu. Alipokufa hakuna aliyetuambia kazikwa wapi. Nimeitunza picha yake ukutani, na aibu yangu moyoni." Akaweka kidole juu ya mstari wa mwisho. "Kumbe hakuna aliyemlazimisha. Alinichagua."

Akachukua simu, akampigia dada mkubwa.

"Baba yako hakumkosea mama yako. Hakuwahi. Nina karatasi hapa, nakusomea."

Alipomaliza, upande wa pili ulikuwa unavuta makamasi.

"Baba yetu," dada mkubwa akamsahihisha. "Si ameshaandika tusikuhoji? Sasa mimi ni nani nipinge?"

Harusi ilifanyika, ndogo na yenye kelele, na dada mkubwa alicheza mpaka viatu vikamshinda. Kesho yake akamchukua mama kwenda makaburini, maharusi wakiwaendesha.

Mama alisimama mbele ya kaburi kama mgeni asiyejua abishe hodi wapi.

"Mwambie," dada mkubwa alisema.

"Nimwambie nini?"

"Chochote. Mimi huwa namwambia hata bei ya sukari."

Mama akapiga magoti, akaanza kung'oa majani, na huku anang'oa akaanza kusimulia: shule aliyomaliza, mume aliyemzika, binti aliyekuja kuwa nesi. Dada mkubwa akaketi kando yake, akiongezea pale alipoona panahitaji.

Langoni, fundi akatazama jua lilivyokuwa kali.

"Tukawaite?"

"Waache," mke wake akasema, akimwegemea. "Ndiyo kwanza amefika kwa baba yake."