Majibu ya Dada

Dada aliinua suruali aliyoshona mdogo wake. Mguu mmoja ulikuwa mrefu, mwingine mfupi.

"Mdogo wangu, huyu mteja anaishi kwenye ngazi?"

"Nimesahau vipimo," fundi akajibu.

"Juzi ulisahau jiko linawaka. Kesho utasahau jina lako."

Tangu fundi afiwe na mkewe, mambo yalikuwa hayo. Wateja walinong'ona kwamba kichwa kimeharibika, wakaanza kumkimbia. Dada alichoka mpaka basi, akaanza kuitafutia cherehani mnunuzi.

Walipokwenda zahanati kuulizia kusahau huko, daktari akawaelekeza kwa mwanasaikolojia, mtaalamu wa akili na hisia, ampime fundi. Dada alikasirika. Mtaani kwao, kumwambia mtu akapimwe akili ni kumtukana. Njia nzima alimfundisha mdogo wake majibu.

"Akikuuliza usingizi, sema unalala fofofo. Akikuuliza kama unalia, sema hulii. Usinitie aibu."

Fundi akajibu kama kasuku. Mtaalamu akamtazama.

"Unalala fofofo, na macho mekundu hivi? Nani amekufundisha?"

Fundi akamgeukia dada. Dada akatazama dari.

"Mama, huu si mtihani," mtaalamu akasema. "Hapa hakuna kufaulu wala kufeli. Kusahau kuna sababu nyingi, na kila sababu ina tiba yake. Nampima nijue yake ni ipi. Baadaye nitampima tena, nione kama tiba inamsaidia. Mkinipa uongo, nitatibu uongo."

"Kama mteja anayebana tumbo nikimpima," fundi akasema. "Nguo ikimkaba, lawama kwangu."

"Ndiyo hivyo. Mama, naomba utusubiri nje."

Dada akasonya, akatoka.

Safari hii fundi alisema kweli. Akapewa pia maneno ya kukumbuka na michoro ya kunakili. Ikaonekana kumbukumbu yake ni nzima. Alikuwa na huzuni nzito, ambayo wataalamu huiita sonona, na usiku alikuwa halali; hayo ndiyo yaliyomfanya asahau. Akaanza matibabu ya mazungumzo. Alipopimwa tena, hali ilikuwa nafuu. Suruali zikawa sawa, wateja wakarudi, na habari ya kuuza cherehani ikaisha.

Lakini dada bado alikuwa na dukuduku.

"Kwa nini hukuniambia kwamba hulali?"

"Hukuniuliza, dada. Ulinipa majibu."

Dada aliona haya. Akavuta kiti, akakaa karibu naye.

"Basi leo nakuuliza," akasema. "Usiku umelala?"