Mswada wa Babu Kuramochi

Kila asubuhi kabla ya shule, Kozue aliweka kibakuli cha wali mbele ya picha ya marehemu babu yake, kwenye kabati dogo la kuwakumbukia wafu. Aligonga kengele, kisha akamweleza babu habari za jana. Pale Matsue, mji wao huko Japani, wafu nao hupewa umbea wao.

Babu Kuramochi alikuwa mwandishi wa hadithi za upelelezi wa zama za masamurai. Miaka arobaini aliua watu kwenye karatasi, halafu akala chakula chake vizuri tu. Tangu afe, harufu ya tumbaku yake haikutoka chumbani. Mto aliokuwa akiukalia ulibaki umebonyea, kana kwamba kaenda kuchemsha chai.

Wiki ile Kozue alikuja, akaweka wali, akakimbia bila kusema neno. Alikuwa ametoa mswada kwenye droo ya babu, hadithi isiyowahi kuchapishwa, akainakili na kuipeleka kwenye mashindano ya shule kama yake. Nayo ikashinda.

"Unakimbia nini?" Bibi yake, Fusae, akamkamata mkono. "Cheti huonwa na babu yako kwanza. Kiweke hapo, umsomee na hadithi yenyewe."

Kozue akapiga magoti. Macho ya picha hayakumbanduka. Nyuma yake mkeka ukalia taratibu, kama umekanyagwa, na hapakuwa na mtu.

"Mvua ilinyesha juu ya…" Kozue akaishia hapo.

"…mwavuli uliokosa mwenyewe," Bibi akamalizia. "Unashangaa? Nani alikuwa akimnakilia? Mwandiko wake ulikuwa kama wa kuku aliyekanyaga wino. Maiti wake wote nawajua kwa majina."

Kozue akaangua kilio. "Bibi, ananitazama kila nikipita! Amekasirika?"

"Huyo? Anacheka. Mpelelezi wake angekunasa ukurasa wa pili."

"Nikikiri, darasa zima litanizomea."

"Litakuzomea sana. Vaa viatu, nakusindikiza usije ukatoroka."

Kozue alikiri mbele ya wenzake. Mwalimu Hirose akachukua cheti, akampa Wakana, aliyekuwa wa pili.

"Mpelelezi kajikamata mwenyewe!" Wakana akamtania, darasa likacheka.

Nyumbani, Bibi alimsogezea karatasi tupu.

"Kazi ya mtu ni jasho lake, hata akiwa kaburini. Ukiiita yako, umemuua mara ya pili. Andika yako, hata iwe mbovu."

"Na babu ataondoka sasa?"

"Aende wapi? Anasubiri umsomee."