Kadi ya Mchi wa Chuma

Kila asubuhi kabla ya kengele ya shule nilikuwa na kazi tatu: kuteka maji, kuwafungulia mbuzi na kumpelekea nyanya uji wake. Baba alifanya kazi kwenye genge la wafanyakazi wa reli ya Voi hadi Taveta. Kila akitoka hakukosa kunikumbusha, "Dinah, mbuzi wasipite kwenye mahandaki." Mahandaki hayo yalikuwa kwenye mlima Salaita, mitaro mirefu iliyochimbwa na askari wa zamani. Baba hakusema kwa nini, nami sikuuliza. Nilidhani anaogopa mbuzi wasivunjike miguu, basi.

Mwaka huo, 1979, nilikuwa darasa la sita. Mwalimu wetu Zephaniah, mtu wa Ronge, alianzisha kona ya makumbusho nyuma ya darasa. Kila mwanafunzi alitakiwa kuleta kitu cha zamani na kukiandikia kadi: kitu gani, cha nani, kilitoka wapi. Khaemba alileta kibuyu cha babu yake. Rafiki yangu Perez, msichana ambaye baba yake alikuwa mkata mkonge, alileta kigoda cha miguu mitatu kilichosafiri nao kutoka Nyanza. Hata wavivu wa darasa walileta.

Mimi sikuwa na kitu. Nyanya alipobatizwa, alivichoma vitu vya zamani vyote nyuma ya nyumba, wala hakuwahi kujuta. Khaemba alinicheka akasema sisi ni watu tusio na jana. Yaliniuma hayo, tena sana.

Jumamosi iliyofuata niliwapeleka mbuzi moja kwa moja kwenye mahandaki. Ndani ya handaki la tatu niliona chuma kimetokeza udongoni. Nilikichimbua kwa kijiti. Kilikuwa na kutu, kizito, butu upande mmoja na kimechongoka upande wa pili, ukubwa wa mchi mdogo wa jikoni. Nilikitia kikapuni. Njiani kiliponyoka kikapuni mara mbili, na mara zote mbili nilikiokota nikaendelea na safari yangu nikiimba.

Sikuweza kuandika kilikotoka, maana Baba angejua. Basi niliandika hivi: Mchi wa chuma. Ni wa nyanya yangu. Alipondea mbegu za mbarika, apate mafuta ya kupaka ngozi. Umetoka nyumbani kwetu.

Mwalimu Zephaniah aliupima mkononi akatikisa kichwa kidogo. "Nyanya yako alikuwa na nguvu," akasema. Nami nikajitia hamnazo, nikatabasamu.

Siku ya Jumatano alitutangazia kwamba Ijumaa tungetembelewa na mtafiti kutoka jumba la makumbusho la Mombasa. Kila kitu kingeonyeshwa kikifanya kazi yake. "Mbegu za mbarika atazipondaponda Perez," akasema. "Ana mikono ya kazi."

Ijumaa ilipofika, meza ya kona ilikuwa imefunikwa khanga ili mgeni asione vitu kabla ya wakati. Jina lake lilikuwa Bwana Nzomo, mwembamba, mwenye miwani na sauti ya chini. Alianza kwa kutueleza habari za mlima wetu. Alisema miaka sitini na mitatu iliyopita Waingereza na Wajerumani walipigana pale, na Waafrika wengi walikufa katika vita visivyokuwa vyao. Kisha akachukua chaki.

"Wako walioacha vifungo na makopo," akasema. "Lakini wako walioacha na hivi." Akachora ubaoni kitu butu upande mmoja, kimechongoka upande wa pili. "Hili ni kombora. Likianguka bila kulipuka, linaweza kukaa udongoni miaka na miaka likiwa bado zima. Mchungaji mmoja ninayemjua aligonga moja kwa jiwe, akitaka kuona ndani. Leo analishwa uji na mke wake."

Mimi nilitazama ubao, kisha meza, kisha ubao tena. Kijasho chembamba kilinitoka. Nilikumbuka zile mara mbili chuma changu kilipoanguka njiani.

Nilijiambia labda siyo. Labda hili langu limekufa zamani. Nikisema, Mwalimu atanichapa, Baba atanichapa, Khaemba atanicheka mpaka tumalize shule. Nisiposema, labda hakuna litakalotokea. Nawaambia kweli, mimi niliketi pale nikipima, na niliogopa fimbo kama nilivyoogopa kombora. Nikilikumbuka hilo hadi leo, naona haya.

Mwalimu alifunua khanga. Bwana Nzomo alikuwa amegeuka kuangalia kibuyu ambacho Khaemba alimletea mikononi. Perez akamimina mbegu kwenye kinu alicholeta Mwalimu, akasoma kadi yangu kwa sauti, akashika chuma kwa mikono miwili. Akakiinua juu ya kichwa.

Nilisimama. Nilipiga moyo konde, nikasema, "Perez, usishushe."

Watu walicheka. Perez alinitazama huku mikono iko juu.

"Usishushe. Siyo mchi. Nilikitoa kwenye mahandaki."

Kicheko kilikatika. Bwana Nzomo aligeuka, akakiona, na uso wake ukabadilika rangi. Lakini sauti yake haikupanda hata kidogo alipomwambia Perez, "Binti, tulia hivyo hivyo. Mwalimu, toa watoto. Wapite mlango wa mbele, wasikimbie, wafike ng'ambo ya uwanja."

Tulitoka tukishikana mashati. Nilitembea kinyumenyume, na dirishani nilimwona Perez akilia bila sauti. Bwana Nzomo alikuwa amesimama mbele yake, mikono yake chini ya mikono ya Perez, wakikishusha chuma pamoja polepole mpaka kwenye gunia la mchanga tulilotumia kuzimia moto. Kisha wakatoka. Perez alipofika uwanjani aliketi chini, akatapika.

Polisi walikuja kutoka Taveta. Jumapili wanajeshi walilipeleka kombora mbugani, mbali na watu, wakalilipua. Mlio wake ulitikisa mabati ya kanisa tukiwa katikati ya sala. Baba aliniangalia, akainamisha kichwa. Hakunichapa. "Nilikukataza bila kukueleza," alisema baadaye, "nawe ukanidanganya bila kuniuliza." Mwalimu yeye alinichapa, tena sawasawa, wala sikulalamika.

Bwana Nzomo alirudi Jumatatu. Alinikuta peke yangu kwenye kona, akachukua ile kadi yangu.

"Dinah, unajua kwa nini Perez alikiinua?"

"Mwalimu alimtuma."

"Alikiinua kwa sababu aliisoma hii, akaiamini. Kazi yetu yote ni watu kuamini kilichoandikwa. Kitu cha zamani hakiwezi kusema kilikotoka. Anayekiokota ndiye anayekisemea. Akidanganya, anayeumia ni yule aliyemwamini." Akaniwekea kadi mpya mbele yangu. "Usiogope kuwa na kitu kidogo. Ogopa kukisemea uongo."

Perez hakusema nami wiki nzima, na sikumlaumu. Siku aliyonijia, alisimama nyuma yangu nikiwa napanga meza, akaisoma ile kadi mpya niliyokuwa nimeiandika. Mbele ya kadi hapakuwa na kitu, nafasi tupu tu kati ya kibuyu na kigoda.

Ilisema: Kombora la vita. Liliokotwa na Dinah katika handaki la tatu, mlima Salaita, alikokatazwa kwenda. Limelipuliwa.

Perez alichukua kalamu mkononi mwangu, akaongeza mstari mmoja chini: Nililishika mimi, Perez, nikidhani ni mchi.

Kisha akanirudishia kalamu yangu.