Mayai Haya Hayageuzwi

Foleni ya duka la vipuri vya umeme ilikuwa na watu kumi na mmoja, na tisa kati yao walirudi nyuma kwa pamoja dada mwenye gauni la manjano alipojibu swali la muuzaji.

"Kidhibiti joto cha nini, dada? Cha pasi au cha oveni?"

"Cha mayai ya chatu."

Mama mmoja alikumbatia mkoba wake kana kwamba chatu mwenyewe yumo kwenye foleni. Muuzaji alicheka, akangoja na dada naye acheke. Dada hakucheka. Alisimama vilevile na gauni lake la mikono mifupi na miwani ya fremu nyekundu, ambayo lenzi zake alizisaga mwenyewe, maana hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake katika duka la miwani mtaa wa pili. Watu kurudi nyuma mbele yake alishazoea. Mtaani kwao walimwita Bi Nyoka wakidhani wanamkera, naye akaitika, tena kwa sauti ya juu.

Mmoja tu hakusogea. Alikuwa kijana mrefu mwenye ovaroli ya bluu na penseli sikioni, fundi wa friji ambaye kwa ajili ya kazi yake watu walimbatiza jina la Baridi.

"Joto kiasi gani?" aliuliza.

"Nyuzi thelathini na moja na nusu. Lisizidi, lisipungue."

"Na boksi lako la nini?"

"La mbao."

"Mbao itakuangusha, dada. Tafuta friji bovu, toa mashine, funga waya wa joto ndani. Friji limezoea kuzuia joto lisiingie. Basi litazuia lisitoke."

Bi Nyoka alimtazama juu mpaka chini. "Wewe huogopi nyoka?"

"Naogopa kufa," alisema Baridi bila aibu. "Lakini mayai hayang'ati."

Hapo ndipo Bi Nyoka alipocheka, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Wiki mbili baadaye friji bovu lilikuwa limesimama chumbani kwake ghorofani, limetobolewa mlango na kuwekwa kioo. Upande wa pili kulikuwa na rafu yenye masanduku manne ya plastiki, kila moja na chatu wake, na ukutani kilining'inia kibali cha ufugaji ndani ya fremu, ili mwenye nyumba asipate tena cha kusema. Baridi alianza kuja kukagua waya. Kisha akaja kukagua waya ambao hauna tatizo. Mwishowe akaacha hata kuutaja huo waya.

Na simu nazo hazikukoma.

"Friji langu halijambo?"

"Halijambo, linakusalimia."

"Na mwenye friji?"

"Mwenye friji yuko kazini, fundi. Ana lenzi ya mtu mkononi."

"Basi nitapiga baadaye, mpenzi."

"Nani amekwambia ukate?"

Siku alipokubali kumshika chatu mkubwa, yule aliyeitwa Bibi, Baridi alifumba macho na kutoa jasho jembamba. Bibi alijikunja akawa duara, akaficha kichwa katikati. "Ona," alisema Bi Nyoka, "naye anakuogopa. Mnafanana." Baridi alifumbua jicho moja, akamwona chatu, akamwona na mwenye chatu jinsi alivyokuwa akimtazama, na tangu hapo alikuwa ameshanaswa.

Bibi alitaga mayai manane. Ulikuwa uzao wa kwanza. Bi Nyoka alikuwa amemlea chatu yule miaka minne, akichekwa miaka yote minne, na aliapa kwamba watoto wakitoka hata wawili tu, hakuna mtu atakayemwambia tena kuwa anapoteza ujana wake. Alimwinua Bibi taratibu. Mayai matano yalikuwa yamegandana, matatu yamekaa peke yake. Alichomoa penseli sikioni kwa Baridi, akaweka alama ya mkasi, mistari miwili iliyokatana, juu ya kila yai kabla ya kulihamishia kwenye friji.

"Mama yangu naye anaweka hivyohivyo," alisema Baridi. Mama yake alikuwa mtotoleshaji wa vifaranga vya kuku, na sifa zake zilifika mbali.

"Mafundi wanajuana," alijibu Bi Nyoka.

Wakaangaliana, wakatabasamu, wakafunga mlango wa friji. Laiti mmoja wao angeuliza swali moja zaidi, wangejiepusha na machozi mengi.

Wiki ya nne tangu mayai yatagwe, mama mtu alikuja mwenyewe, gauni la zambarau, kilemba cha rangi hiyohiyo, na viatu alivyokataa kuvivua mlangoni kwa kuhofia kitakachoingia ndani yake. Alipokea shikamoo, akakaa kwenye ukingo wa kiti.

"Mwanangu ananiambia anataka kukuoa."

"Mimi hajaniambia, mama."

Baridi alipaliwa na soda.

"Na wewe sina neno," aliendelea mama mtu, akiinyoshea rafu kidole. "Neno langu ni hao. Mwanangu hatalala chumba kimoja na nyoka. Chagua, mwanangu au wao."

Bi Nyoka alimtazama usoni. "Mama, heshima yako iko palepale. Hawa nilikuwa nao kabla sijamjua mwanao. Sichagui. Anayetaka kuchagua achague yeye."

Wanawake wote wawili walimgeukia Baridi. Baridi aliitazama chupa yake ya soda.

"Tutaongea," alisema kwa sauti ndogo.

Neno hilo moja lilimchoma Bi Nyoka kuliko yote ya mama mtu. Hata hivyo alimpenda, na anayependa hujitia hamnazo. Jumatatu likizo aliyoichukua ili ayalinde mayai iliisha, na umeme siku hizo ulikuwa hautabiriki, kwa hiyo akampa Baridi ufunguo. "Niangalizie mayai," alimwambia. Jioni akirudi alichungulia namba ya joto kwenye kioo, akaridhika, akalala.

Jumamosi asubuhi alifungua friji ili aongeze maji. Yale matano yaliyogandana yalikuwa na alama zake. Matatu ya pembeni yalikuwa meupe tupu. Aliinua moja kwa vidole viwili. Alama ilikuwa chini.

Alikaa sakafuni. Yai la kuku lina uzi wa ndani unaoshikilia kiini, ukiligeuza halina shida. La nyoka halina uzi huo. Mtoto hujishikiza upande wa juu wa ganda, na ukilipindua, anaweza kuzama ndani ya ute wake mwenyewe. Aliyarudisha kama yalivyokuwa, akachukua simu.

"Baridi, umeyagusa mayai yangu?"

"Ndiyo, bosi wangu! Nimeyageuza asubuhi, mchana na jioni, wala sijakosa hata..."

"Umeyageuza."

"Yale matatu. Mengine yameshikana, nikaona..."

"Mama yako amekutuma."

"Mama ameingiaje hapa?"

"Ungesema tu hutaki. Mdomo unao. Siku ile uliufunga kwa soda, leo unaniulia watoto kimyakimya!"

Alikata, akamfungia namba. Baridi alifika baada ya nusu saa, anahema, akagonga mpaka majirani wakatoa vichwa.

"Niambie basi nimekosa nini!"

"Pitisha ufunguo chini ya mlango."

"Mpenzi..."

"Ufunguo, fundi."

Ufunguo ulipita. Ncha za vidole vyake zilibaki pale chini ya mlango kidogo, kisha zikaondoka. Bi Nyoka alilia mpaka kichwa kikamuuma, na kila alipokumbuka vidole vile alilia upya, kwa hasira na kwa mapenzi, asijue lipi ni lipi. Kisha akanawa uso, akachukua tochi, akayamulika mayai yale matatu. Moja lilikuwa limeingia weusi. Mawili bado yalikuwa na mishipa myekundu, myembamba sana.

"Haya," aliyaambia. "Mimi sijakata tamaa, na nyinyi msikate."

Wiki mbili zilipita. Mfuko wa vifaa vya Baridi ulikuwa bado nyuma ya mlango, koleo na waya vikimkodolea macho kila asubuhi. Mwishowe aliona bora aupeleke kwa mama mtu, asije akaambiwa amezuia mali ya watu. Hakwenda kinyonge. Alivaa lile gauni la manjano, akapaka rangi ya mdomo, akabeba mfuko begani.

Alimkuta mama mtu kwenye banda la kutotoleshea, amepandisha mikono ya gauni, ameinamia trei ya mayai.

"Shikamoo mama. Nimeleta vifaa vya mwanao."

"Marahaba. Viweke hapo." Mama hakuinua kichwa. Mikono yake ilikuwa ikipita juu ya mayai, moja baada ya jingine, ikiyapindua. Kila yai lilikuwa na alama ya mkasi ya penseli. Alama zilizokuwa juu zilikwenda chini, zilizokuwa chini zikaja juu.

Bi Nyoka aliganda. "Mama, hiyo alama ni ya nini?"

"Ya nini tena? Ya kujua lipi limegeuzwa na lipi bado. Si hata wewe unaweka? Mwanangu kaniambia, akafurahi kweli. 'Mama, anaweka alama kama yako,' ndivyo alivyosema." Sasa aliinua kichwa, na macho yalikuwa yamejaa kijicho cha waziwazi. "Ameacha kazi za watu mara tatu kwa siku, anapanda ngazi zako kugeuza mayai ya nyoka. Hapa amezaliwa, hapa amekulia. Yangu hajawahi kunigeuzia hata moja!"

Mfuko ulidondoka begani, koleo zikalia sakafuni.

"Mama," alisema Bi Nyoka polepole, "ya nyoka hayageuzwi. Alama ni ya kuonyesha upande wa juu, ubaki juu mpaka siku ya mwisho."

Mama mtu aliliweka chini yai alilolishika. Alikuwa fundi, akaelewa palepale. "Yamekufa mangapi?"

"Moja. Mawili yana mishipa bado."

"Umeyamulika kwa tochi ya mwanga mweupe?"

"Mweupe."

"Vizuri," alisema, kisha akakumbuka kwamba yeye ni adui. "Lakini nyumbani kwangu hawaingii."

"Sijawaalika kwako, mama."

Alimfungulia Baridi namba akiwa bado njiani, akapiga katikati ya watu na honi za magari.

"Nani mwenzangu?" ilijibu sauti kavu.

"Bi Nyoka."

"Simjui. Niliyekuwa namjua alinifungia mlango."

"Nimeona alama za mama yako. Baridi, nisamehe. Nilikudhania uovu, na wewe ulikuwa unanipenda kwa kadiri unavyojua."

Akamsikia anavuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo. "Niliua mangapi?"

"Moja. Hilo nimekusamehe. Ila ile soda bado."

"Soda gani?"

"Mama yako aliniambia nichague, nikasema. Wewe ukatazama chupa. Ukirudi hapa, uje na jibu, na ulitoe mbele yake. Vinginevyo endelea kugandisha maji ya watu."

Siku ya hamsini na nane tangu Bibi atage ilikuwa Jumapili. Tangu asubuhi maganda yalianza kuchanika, pua ndogo zikachungulia, zikarudi ndani, zikachungulia tena. Kufikia mchana yale matano yaliyogandana yalikuwa yameshachanika yote, na moja kati ya mawili yaliyogeuzwa likafuata. Baridi, aliyeruhusiwa kuingia siku hiyo tu huku akidaiwa jibu lake, alipiga magoti mbele ya kioo, meno nje, amesahau kabisa kuogopa. Lakini yai la mwisho lilikaa kimya.

Mlango uligongwa. Alikuwa mama mtu na kilemba chake cha zambarau, na tochi mkononi.

"Nimekuja kuangalia yai," alitangaza. "Nyoka siwaangalii."

Aliinama akamulika, shingo kaigeuzia ukutani, jicho moja tu kwenye mwanga. "Anacheza," alisema. "Ila mvivu." Na mkono wake, uliozoea kazi hiyo miaka thelathini, ulikwenda wenyewe kulishika yai.

"Mama, usiligeuze!"

Aliyesema ni Baridi, si Bi Nyoka. Aliisema kwa sauti ambayo mama yake hakuwahi kuisikia. Mkono ulibaki hewani.

"Sijaligeuza," alinung'unika mama mtu, na mkono akaurudisha mapajani.

"Na jingine, mama. Ulimwambia achague, na si yeye aliyetakiwa kuchagua. Nimechagua mimi. Nitalala chumba hiki, na hawa watakuwemo. Ukitaka kuja kututembelea, njoo. Ukikataa, nitakuja mimi kwako kila wiki, lakini kauli hii hairudi."

Mama mtu alimtazama mwanawe, kisha akamtazama yule msichana wa miwani nyekundu, aliyekuwa ameinua kidevu na machozi yakimtiririka bila kuyafuta.

"Kwani mimi nimesema nini?" alisema mwishowe. "Nimesema anacheza."

Baridi alichomoa penseli sikioni, akampa Bi Nyoka, akamfunulia kiganja.

"Na mimi niwekee alama."

"Ya nini?"

"Upande huu ndio wa juu. Mtu akija kunigeuza, utajua."

"Huko ndiko kuposa?"

"Ndiko ninakojua mimi."

Bi Nyoka alimshika mkono, akachora mistari miwili, taratibu, akikandamiza hadi ikaonekana vizuri. Nyuma yao mama mtu alipiga ukelele na kurukia kitini, viatu na yote. Ganda la yai la mwisho lilikuwa limechanika, na pua ndogo yenye unyevu ilikuwa imetokeza, ikimtazama.