Chai ya Injini

Injini ilikohoa, ikatetemeka, ikanyamaza. Odhiambo alizungusha tena mkono wa kuwashia. Ukamponyoka na kumpasua kiganja. Akatukana kwa Kijaluo, na Kulthum, ambaye hakujua neno hata moja la lugha hiyo, alimwelewa vizuri sana.

Walikuwa nje ya mwamba wa Likoni, wawili tu, ndani ya boti waliyoazimwa na Mbarak, kaka yake Kulthum, kwa shingo upande. Kulthum alitaka kuthibitisha kwamba mafuta ya nazi aliyoyakamua uani kwake yangeendesha boti bila tone la dizeli. Tangu msimu wa joto yalikuwa yakiendesha pampu ya kisima chake bila matata. Odhiambo, fundi wa Changamwe, alikubali kuja kwa sababu hakutaka kusimuliwa kichekesho hicho na wengine.

Mvua ya kusi ilikuwa imewafunika. Wakatia nanga, wakazima injini, wakangoja ipite. Haikupita. Kamba ya nanga ilikatika, wimbi likafagia dumu la maji ya kunywa, na sasa walikuwa wakisukumwa wasijue waendako. Mwamba ulinguruma. Kulthum aligeukia kushoto akausikia. Akageukia kulia, akausikia huko pia. Pwani yote ilikuwa imefutika.

"Nipe huo mkono niufunge," alisema, akichana ncha ya mtandio wake.

"Wacha mkono. Tuangalie hii filta ya mafuta." Odhiambo aliifungua kwa meno na kiganja kizima. Ndani mlikuwa na uji mweupe, mzito. "Dada, umeniwekea nini humu? Sabuni?"

Kulthum alichovya kidole. Hakufahamu kitu. Jana mafuta yalikuwa maangavu, ungeona kidole ng'ambo ya chupa. Labda maji ya mvua yameingia. Labda nazi zilikuwa mbovu. Labda Mbarak alisema kweli, kwamba dada yake ni mjuaji tu asiyejua. Aliona hofu, akaona na haya, wala hakuweza kujua ni ipi iliyokuwa ikimtetemesha.

Kumbe ilikuwa baridi.

Alinusa kidole. Kilinuka nywele zake mwenyewe. Kila kipupwe, tangu utotoni, alikuwa akiweka chupa ya mafuta ya nywele dirishani, juani, kabla ya kujipaka.

"Yameganda! Wallahi yameganda tu, fundi! Yataka moto."

"Moto utoke wapi na mvua hii?"

Wote wawili wakaitazama chupa ya chai ya moto iliyofungwa chini ya kiti. Hawakuwa na kinywaji kingine; mvua yote iliyoingia botini ilichanganyika na maji ya chumvi. Midomo yao ilikuwa imepasuka kwa chumvi.

"Tukiimwaga na injini isiwake?" Odhiambo aliuliza.

"Mwamba utatuwahi kabla ya kiu."

Odhiambo aliifunga tena filta, naye Kulthum akaimimina chai polepole juu yake, kisha juu ya mrija wa mafuta. Mvuke wa tangawizi ulimpanda puani, akameza mate. Uji mweupe ukalegea, ukawa maji. Odhiambo alizungusha mkono wa kuwashia kwa kiganja chake kilichopasuka, akipiga kelele za maumivu, na injini ikawaka na moshi wenye harufu ya jiko la mahamri. Akaubana mrija kwenye bomba la moshi usije ukapoa.

"Wapi sasa?"

"Elekeza boti kwenye upepo, mwamba ubaki nyuma. Kusi hutoka baharini."

"Una uhakika?"

"Sina!"

Boti iligeuka. Povu la mwamba likapita nyuma yao, karibu kiasi cha kuwarushia maji kichwani. Mvua ilipokonda, mapaa ya Likoni yalijitokeza nyuma yao, upande ule ule ambao Kulthum, bila upepo kumwonyesha, angeapa kwamba ni bahari kuu.

Walipofika ufukweni, Mbarak aliwapokea maji yakimfika kiunoni. Alimkumbatia dada yake, hata nanga asiiulize.

"Ni mafuta yako yaliyokuponza?"

Yalimponza Kulthum, tena yalimrudisha. Machozi yalimtoka, akacheka nayo.

Odhiambo alikuwa ameketi mchangani, akiitikisa chupa tupu karibu na sikio.

"Safari ijayo beba mbili," alisema. "Moja ya injini. Hata sisi tuna kiu."